UZI: Kufundisha fasihi kwa hadithi shirikishi, tunavyofanya huku Mtwara

#1 MwalimuHKL

Wakuu, heshima kwenu.

Mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) siku hizi anaweza kukutajia dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi bila kuifungua tamthilia hata ukurasa mmoja. Uchambuzi unauzwa stesheneri, unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na sisi walimu tunauandika ubaoni. Mtihani ukisema "kwa kutumia tamthilia mbili ulizosoma", anashusha hoja alizomeza na maksi anapata. Lakini muulize kwa nini mhusika fulani alinyamaza pale ambapo angeweza kusema. Anakutazama tu. Hajawahi kufikiri kwamba mhusika yule alikuwa na uwezo wa kusema. Kwake hadithi ilishakwisha siku mwandishi alipoweka kalamu chini, na kazi iliyobaki ni kuigawa: fani (namna ilivyojengwa) huku, maudhui (inachosema) kule.

Jambo hili linaniuma, maana hawa ni vijana wa kidato cha tano na sita. Wengine kati yao ndio watakaokuwa walimu wa fasihi wa kesho.

Kwa hiyo darasani kwangu tunatumia hadithi shirikishi. Hadithi inasimuliwa, inafika njia panda, inasimama. Kundi linaulizwa: ninyi ndio mhusika huyu, mnafanya nini? Wanachojibu ndicho kinachoamua karatasi ipi ifunguliwe. Sina projekta, na simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo vifaa vyangu ni manila, makapeni na bahasha za kaki.

Nieleze kwa kitabu, ili tusiongee hewani. Nilianza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969. Niliichagua kwa sababu ardhi yake ni hii yetu ya kusini. Vita vya Majimaji vilianzia Nandete, Umatumbi, wilaya ya Kilwa ya leo, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyokuwa wanalimishwa kwa nguvu. Wapo wanafunzi wangu ambao bibi zao wako Kilwa na Liwale. Ukitaja majina ya huko, darasa linainua kichwa.

Njia panda naziweka tatu. Ya kwanza ni pale mnyapara anapomchukua Chausiku, binti wa Kitunda, na baba anashindwa kuzuia. Ya pili ni pale Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, anapotambua kwamba maneno yaliyotoka kinywani mwake alipokuwa amepagawa na mzimu Hongo yana mtego ndani: kwamba Mjerumani akiondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Amewapa watu tumaini la kuwa huru, na ndani ya tumaini hilo kuna bwana mwingine. Atangaze, au anyamaze? Ya tatu ni gerezani. Vita vimeshapiganwa, watu wameshakufa, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo.

Sheria ziko mbili tu, na naomba mzizingatie maana ndizo zinazotofautisha kazi hii na mchezo. Kwanza, hakuna kundi linalofungua bahasha kabla halijanisomea mstari kutoka kwenye tamthilia unaounga mkono uamuzi wao. "Sisi tunaona" haitoshi. Pili, wakishafungua na kuona njia yao imewafikisha wapi, wanarudi kwenye kitabu, wanasoma alichoandika Hussein, kisha wanajibu swali moja: kwa nini mwandishi hakupita njia yetu?

Hapo ndipo fani inapojifungua. Kundi moja lilimfanya Kinjeketile akiri mbele ya mzungu kwamba maji ni uongo, ili watu waliobaki wapone. Uamuzi wa huruma kabisa. Walipofungua bahasha wakakuta Kitunda anauliza: basi wale wengine walikufa kwa ajili ya nini? Wakakaa kimya, wakarudi kwenye kitabu. Binti mmoja akasema, mwalimu, mwandishi akimfanya akiri, tamthilia yote ya nyuma inakuwa habari ya watu waliodanganywa. Asipokiri, inakuwa habari ya watu waliounganishwa. Sikuwahi kumfundisha sentensi ile. Haimo kwenye uchambuzi wowote wa stesheneri.

Na mwandishi mwenyewe alitusaidia. Katika maelezo yake alibainisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa fasihi, si nakala ya Kinjikitile Ngwale wa historia, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kwa maneno mengine alikaa mezani akachagua nini kibaki, nini kiondoke. Mwanafunzi akilielewa hilo, anaacha kuiona tamthilia kama taarifa.

Naomba michango yenu, hasa walimu wa Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba. Nani anafanya kitu cha namna hii, na kimekwenda vipi?

#2 KalamuNyekundu

Mwalimu mwenzangu, moyo wako nauheshimu. Nina miaka mingi kwenye kazi hii na nimeona mbinu shirikishi nyingi zikija kwa semina na kuondoka na semina. Nakupinga kwa mambo mawili, na nakupinga kwa nia njema.

La kwanza ni muda. Kipindi ni dakika 40. Darasa lina watoto wengi, vitabu vichache, na mada zinasubiri. Ukikaa wiki kwenye Kinjeketile, ushairi utaufundisha lini?

La pili ndilo kubwa. Mwanafunzi akishatunga kwamba Kinjeketile alikiri, picha ile itabaki kichwani. Siku ya mtihani, akiwa na hofu, ataandika kwamba Kinjeketile alikiri. Msahihishaji hajui habari za bahasha zako. Ataweka kosa, na mtoto wa watu atakuwa amepoteza maksi kwa sababu ya ubunifu wa mwalimu wake.

#3 MwalimuHKL

Mkuu KalamuNyekundu, ahsante kwa kuja na hoja yenyewe.

La pili ni la kweli, na nililiona linakuja kabla sijaanza. Ndiyo maana kila lililoandikwa na mwandishi liko kwenye karatasi nyeupe, na kila tulilotunga sisi liko kwenye manila ya kijani. Rangi hazichanganywi kamwe. Kwenye daftari, jambo la kijani haliingii peke yake, linaingia ndani ya sentensi inayoanza na "Mwandishi hakumfanya Kinjeketile akiri kwa sababu..." Mtoto aliyeandika sentensi hiyo kwa mkono wake hawezi kusahau kwamba hakukiri. Anakumbuka kwa nguvu zaidi kuliko aliyeambiwa tu, maana alijaribu njia ya pili akaona inafungwa na nini.

La muda, sichezi kitabu kizima. Vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, tukio moja au mawili, basi. Sehemu nyingine za kitabu tunasoma kwa kawaida. Na wanasoma haraka, kwa sababu kila kundi linatafuta mstari wa kulitetea.

Halafu kuna swali ninalowapa baada ya hapo ambalo nadhani litakupendeza. Nachukua uamuzi mmoja wa mhusika, nauondoa, nauliza: dhamira ipi imeanguka? Ukiondoa kunyamaza kwa wale wanaume mnyapara alipomchukua Chausiku, dhamira ya unyonge na woga inakosa pa kusimama, na shauku yao ya baadaye ya kuyapokea maji haieleweki. Mtoto anayejua dhamira imesimama juu ya tukio gani hatakosa mfano kwenye insha. Wasahihishaji wanalalamika kila siku kwamba hoja zinakuja bila mifano.

#4 KalamuNyekundu

Hilo la kuondoa uamuzi nimelipenda. Nitalijaribu hata bila bahasha. Kwenye rangi za karatasi bado natafakari.

#5 BintiNewala

Shikamooni wakubwa. Mimi nafundisha kidato cha tatu na cha nne huku Newala. Kwangu nimegeuza kidogo: wanafunzi ndio wanaotunga hadithi yenye njia panda, na fasihi tunaifundishia humo humo.

Mada waliichagua wenyewe, korosho. Mwezi wa nane, minada haijafunguliwa, nyumbani hakuna hela, shule inadai, na mtu wa kangomba amekaa kwenye mkeka barazani na pesa mkononi. Anataka korosho za msimu unaokuja kwa bei yake, kabla hazijafika ghalani. Baba ameinama. Mtoto wa kike, kidato cha tatu, amesimama mlangoni anasikia. Njia panda ya kwanza: aseme neno au aingie ndani?

Walimu wangu, darasa lile lilijua mambo! Walijua bakuli la kangomba linavyojazwa mpaka linafanya kilima. Walijua ni nani kijijini hukopa kwa nani. Walijua mzee anavyoona haya kukataa mbele ya mgeni aliyekwisha kula ugali wake. Haya ndiyo tunayoita mandhari, na nilikuwa nimeyafundisha kama fasili ya mstari mmoja.

Kilichonifurahisha zaidi ni mhusika wa kangomba. Rasimu ya kwanza alikuwa mwizi tu, anacheka vibaya, ana tumbo. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema baba yake mdogo anafanya kazi ile, na zile pesa naye amekopa kwa mtu mwingine mjini, asipopeleka mzigo pikipiki yake inauzwa. Darasa likatulia. Wakamwandikia yule mhusika ukurasa wake, usiku, anahesabu deni lake. Ndipo nikaandika ubaoni: mhusika bapa (wa sura moja tu), mhusika duara (wa pande nyingi). Sikuhitaji kueleza mara mbili.

Lakini naomba niseme na tahadhari. Kundi la mabinti lilitaka njia moja ipite unyagoni: mtoto anapelekwa kuchezwa wakati wa likizo, anarudi, kuna mchumba anasubiri. Ni jambo lao, wana haki ya kuliandika. Ila mnajua mambo ya ndani kule hayasemwi mbele ya asiyepitia, na darasa lina wavulana, na lina wageni kutoka mikoa mingine. Tukakubaliana na mabinti wenyewe kwamba hadithi itaishia mlangoni. Inaweza kusema mama alivyomwambia kabla, na binti alivyojiona alipotoka. Ya katikati hayaandikwi. Nadhani tulipata ukurasa mzuri kuliko ambao tungeupata kwa kusema yote. Walimu mtakaojaribu huku kwetu, lipangeni hilo mapema, msingoje mzazi aje ofisini.

#6 MtotoWaMikindani

Marahaba binti yangu. Umeandika vizuri, na hilo la mlangoni umefanya la adabu.

Mimi si mwalimu. Nimekaa Mikindani utoto na uzee. Nataka kuwakumbusha kwamba mnachokifanya kina wenyewe. Bibi akisema "Paukwa!" asipojibiwa "Pakawa!", haanzi. Akisema "Hadithi hadithi", mpaka sisi tuseme "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Katikati kuna wimbo, na wimbo ni wetu, yeye anatupa mstari sisi tunaitikia. Tukilegea anajua tumechoka, anamuua fisi mapema tukalale. Akimwona mtoto aliyegombana na mwenzake mchana, sungura wa usiku ule hawi mjanja, anakuwa mwenye kuomba radhi. Hadithi ile ile, mwisho mwingine. Alikuwa anatusoma sisi.

Swali langu kwenu walimu: mjukuu wangu ana daftari lenye sifa za fasihi simulizi. Imeandikwa humo "fanani na hadhira huwa ana kwa ana", yaani msimuliaji na wasikilizaji. Nikamwuliza, mmesimuliana hadithi gani darasani? Akasema hakuna, tumeandika sifa. Inawezekanaje?

#7 MwalimuHKL

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito na linatuhusu wote tulio kwenye uzi huu. Sifa za fasihi simulizi zinafundishwa kwa kuandikwa kwa sababu mtihani ni wa kuandika. Hiyo ndiyo sababu, na hainiridhishi hata kidogo.

Tangu sasa mada ya fasihi simulizi naifundisha kabla ya tamthilia, na naifundisha kwa sauti. Mwanafunzi anaanza ngano aliyoipata kwao, anafika njia panda, anamtupia mwenzake aendelee. Anayepokea haruhusiwi kukanusha lililosemwa. Ndani ya dakika chache wanaona wenyewe kwa nini fasihi simulizi hubadilika na kwa nini haina mwandishi mmoja. Kisha tunaziandika sifa, na kila sifa ina ushahidi wa saa ile ile.

Na ushairi wetu nao una mlango huo. Ngonjera, alizozikuza Mathias Mnyampala, ni mashairi ya kujibizana. Wa kwanza anashika upande, wa pili anapinga, mpaka wafikie mwafaka. Ukimpa mwanafunzi beti za upande mmoja tu ukamwambia ajibu kwa vina vile vile na mizani ile ile, atajifunza vina na mizani kwa kuhangaika navyo.

#8 DadaWaNachingwea

Niongeze kwa upande wa jukwaa. Mbrazili Augusto Boal alijenga sanaa za maonyesho ambamo mtazamaji anaweza kusema "simama", akapanda, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu kutenda vingine. Nasi Tanzania hatukukaa nyuma: mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha TUSEME, kazi ya Penina Mlama na Amandina Lihamba, wasichana wa sekondari wakitumia maigizo kueleza yanayowakwamisha shuleni na kutafuta njia. Ikaenea mpaka nje ya nchi kupitia FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika walio kwenye elimu.

Nalitaja kwa sababu moja. Kule msichana hachagui njia ya mtu wa kubuni, anachagua njia yake mwenyewe akiwa amejificha nyuma ya mhusika. Mwalimu anayetumia hadithi shirikishi ajue kwamba siku yoyote mtoto anaweza kusema jambo lake la kweli kupitia mhusika. Uwe na mwalimu wa malezi karibu, na usimuulize mbele za watu "hii ni habari yako?"

#9 FundiFaili

Wakuu, mimi ni mtu wa kompyuta hapa Mtwara mjini. Bahasha ni nzuri, ila kwa wenye kifaa ipo programu inaitwa Twine. Ni ya bure, ilitengenezwa na Mmarekani Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika kila tukio kwenye kisanduku chake. Ukitaka kuweka njia, unaandika maneno ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, [[namna hii]], na yenyewe inatengeneza kisanduku kipya na kuvuta mshale. Huhitaji kujua uprogramu.

Ukimaliza, inakutolea faili moja la HTML. Hilo linafunguka kwenye kivinjari chochote bila intaneti. Unaweza kulihamisha kwa flashi au Bluetooth. Na walimu mna vishikwambi vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, mlivyogawiwa baada ya zoezi. Kishikwambi kimoja kwa kundi la watoto sita kinatosha, mmoja asome kwa sauti.

Twine inaweza pia kuwa na kumbukumbu. Tuseme kwenye Kinjeketile unaweka namba ya imani ya watu. Kila uamuzi unaipandisha au kuishusha, na mwishoni maneno yanayotokea yanategemea namba hiyo. Mtoto anaona kwamba jambo dogo la mwanzoni limerudi kumdai mwishoni.

Sasa onyo la kihesabu, kwa wa bahasha na wa Twine pia. Kila njia panda yenye njia mbili inazidisha miisho mara mbili: 2, 4, 8, 16, 32. Njia panda kumi zinakupa miisho 1,024, na kurasa zote pamoja 2,047. Hakuna mwalimu wa kuandika hizo. Kinachofanyika ni kuzirudisha njia zikutane. Unaruhusu ziachane kwa ukurasa mmoja, zinarudi kwenye tukio kubwa linalofuata, kila mtu akiwa na mzigo wake. Kwa njia panda tatu unahitaji ukurasa wa mwanzo, kurasa tatu kwa kila njia panda, na wa mwisho. Jumla 11.

#10 MwalimuHKL

Ndugu yangu, umenipa kitu. Huko kurudisha njia zikutane ndiko nilikokuwa nakufanya bila kuwa na maelezo yake, na kuna somo la fasihi humo. Kwenye Kinjeketile, hata kundi likimfanya azuie vita mpaka watu wafunzwe, vita vinaanza kabla hajatoa ruhusa. Wanafunzi walikasirika: mwalimu, tulichagua kungoja, mbona vita vimekuja? Nikawaambia warudi kwenye karatasi nyeupe. Wakaona kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwenye tamthilia yenyewe, neno likishatoka halimsikilizi tena aliyelisema. Hasira yao ilikuwa hasira ya Kinjeketile. Wengine wamefundishwa "mgogoro wa nafsi" miaka miwili bila kuuonja.

#11 MzaziTandahimba

Walimu, mimi ni mzazi tu. Nasoma hapa nafurahi, lakini nina wasiwasi. Mtoto akizoea kwamba kila hadithi lazima imuulize yeye anataka nini, atasoma lini kitabu ambacho hakimuulizi?

#12 BintiNewala

Mzazi, wasiwasi wako ni wa haki, na ndiyo maana sifanyi hivi kila wiki. Ninachokiona ni kwamba mtoto akishazoea kusimama njia panda, anaanza kuziona hata kwenye kitabu ambacho hakijamwekea. Anasoma riwaya ya kawaida, anapiga mstari kwa penseli, anaandika pembeni "hapa angeweza kukataa". Asipofika hapo, basi mimi mwalimu nimeishia kwenye mchezo na sijafundisha kusoma.

#13 MdauWaLindi

Nimefuatilia uzi mwanzo mwisho, natoka Lindi mjini. Kuhusu Majimaji, ninyi wenye wanafunzi wa HKL msiusahau Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi hapa hapa, uliochapwa 1933. Ukiweka historia, utenzi na tamthilia mezani, kijana anaona tukio moja likipita mikononi mwa watu watatu, kila mmoja na alichokichagua.

Ombi langu sasa. Mimi nina kidato cha nne, na ninayofundisha ni Ngoswe ya Edwin Semzaba. Sina Kinjeketile. Nianzie wapi? Naomba nipewe kitu cha kufanya Jumatatu.

#14 MwalimuHKL

Mdau, ahsante kwa utenzi, nitaufanyia kazi na darasa la historia.

Ngoswe inafaa sana, pengine kuliko Kinjeketile, kwa sababu maamuzi yake ni ya kila siku. Ngoswe, karani wa sensa, anafika kijijini na karatasi za serikali, anapokewa na Ngengemkeni Mitomingi, anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, anakunywa, na kazi aliyotumwa inaishia motoni.

Usianzie kwenye penzi. Darasa litacheka na hutalirudisha. Anzia kwenye pombe. Mwenyeji wako anakukaribisha, kwa moyo mweupe. Ukikataa umemdharau mzee nyumbani kwake, na kesho unahitaji akupitishe nyumba kwa nyumba. Ukikubali, saa za kazi zinakwenda. Huku kwetu kila mtoto anajua uraka unavyokaribishwa msimu wa mabibo, kwa hiyo hawatasema "akatae tu, basi". Watavutana. Waache wavutane, ila kila hoja iwe na mstari.

Njia panda ya pili ni karatasi. Usiku umefika, zinalala wapi? Inaonekana ndogo, na ndiyo hasa. Wanafunzi wataona kwamba uzembe kwenye tamthilia hii umejengwa kwa vitu vidogo vilivyorundikana, na mwandishi alivipanga kwa utaratibu ili moto wa mwisho usije ghafla.

Ya tatu waachie waitafute wenyewe kitabuni. Watakaoitafuta watalazimika kukisoma.

Kisha weka swali hili, walinipa wanafunzi wangu: Ngoswe angekuwa na kishikwambi badala ya karatasi, kama makarani wa 2022, tamthilia ingesimama? Wapo waliosema isingesimama, kwa sababu moto hauna cha kuunguza. Wengine wakasema ingesimama, maana kilichoharibika si karatasi, ni uaminifu wa aliyetumwa, na mwandishi angepata tu kitu kingine cha kuharibika. Ni mjadala wa matumizi ya ishara, na wataufanya bila kujua kwamba ndio huo. Jina hilo uwape baadaye.

#15 KalamuNyekundu

Naomba kuuliza kwa niaba ya wenye madarasa makubwa. Watoto themanini wanagawanywaje? Wakiwa kumi na sita kwa kundi, watatu wanafanya kazi, waliobaki wanapiga soga.

#16 MwalimuHKL

Mkuu, mimi nawagawa makundi kumi ya wanane. Makundi mawili mawili yanapewa mhusika mmoja: mawili Ngoswe, mawili Mitomingi, mawili Mazoea, mawili mama wa nyumba. Yenye mhusika mmoja yakichagua tofauti, yanajibizana yenyewe kabla bahasha haijafunguliwa, na hapo soga inakufa. Ndani ya kundi mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anasimama kusema, na kazi hizo zinazunguka kila njia panda ili asikae mtu mmoja anasema siku zote.

Makundi mawili yaliyobaki hayapewi mhusika. Wanashika kitabu. Kazi yao ni moja: kundi lolote likidai jambo, wao wanauliza "ukurasa wa ngapi?", na wasipoonyeshwa, hoja inafutwa ubaoni. Waweke humo wale wanaojua uchambuzi wa stesheneri kwa moyo. Ndio wanaofaidika zaidi, kwa sababu wanalazimika kuutafuta kitabuni kila walichokimeza.

Mdau wa Lindi, karatasi zangu za Ngoswe nitakupigia picha zote 11 nikutumie inboksi. Za njia panda ya karatasi zina nafasi tupu chini; jaza na mambo ya kwenu huko.